Maji ya Mwani Katika Bustani Yetu

Bwana Mhariri amenitaka nieleze katika kurasa hizi kile nilichokuwa nikikipika nyuma ya ghala la bustani mwaka jana, ambacho harufu yake ilifika mpaka bwalo la chakula. Wako walionipa jina la Bwana Mwani, na jina hilo halijanitoka hata leo. Naona ni vema nilieleze jambo lenyewe tangu mwanzo, maana wengi wamesikia nusu yake tu. Wengine wamesikia kwamba niliunguza mchicha wa shule, na wengine kwamba nimegundua mbolea ya bure. La kwanza ni kweli. La pili si kweli, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kushika kalamu.

Kwetu ni kijiji cha pwani, upande wa Bagamoyo, na mama yangu ni mkulima wa mwani. Kwa wenzangu wa bara ambao hawajaiona kazi hiyo, nitaieleza kwa ufupi. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, kina mama huingia baharini na vigingi na kamba. Vigingi hupigwa mchangani, kamba hufungwa baina yake, na juu ya kamba hufungwa vipande vya mwani kwa nyuzi ndogo ziitwazo taitai. Baada ya majuma sita hivi mwani huvunwa, hubebwa ukiwa unachuruzika maji mpaka nchi kavu, huanikwa, kisha huuzwa kwa mnunuzi. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu, kwa hiyo mtu asidhani gunia moja ni kazi ndogo.

Kilimo hiki kilianza Unguja kwa biashara mwaka 1989, katika vijiji kama Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Ila Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970. Ng'ambo hutolewa ndani ya mwani kitu kizito kama utomvu, kiitwacho karajini, ambacho hutiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vinavyotakiwa kuganda.

Masika ya mwaka juzi mama alikuwa na magunia matatu ukumbini akingoja mnunuzi. Paa likavuja usiku, mwani ukapata maji ya mvua, na mnunuzi alipokuja aliutazama, akauminya kwa vidole, akasema hautaki. Hakurudi tena. Nauli yangu ya kurudi shuleni na vifaa vyangu vya muhula vilikuwa vimetegemea magunia yale. Mama alikopa kwa jirani, nikasafiri, lakini njia nzima nilikuwa nikifikiri juu ya mwani ule uliobaki ukumbini bila kazi.

Basi ikawa siku moja katika somo la Biolojia tunafundishwa juu ya vichocheo vya mimea, yaani vitu ambavyo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo sana ili kuamuru mizizi irefuke, vichipukizi vichanue, au majani yazeeke. Mwalimu akasema kwa kupita tu kwamba vitu vya namna hiyo vimo pia katika mwani, na kwamba katika nchi nyingine wakulima wa mboga hunyunyizia maji ya mwani juu ya mimea yao. Nilinyanyua mkono, na nadhani sikuushusha mpaka kengele ilipolia.

Likizo iliyofuata nikamwomba mama gunia moja. Akacheka, akasema, "Chukua, mwanangu. Lakini ukiona lina faida, usinisahau."

Kutumia mwani shambani si jambo jipya duniani. Katika visiwa vya Aran, magharibi ya Ayalandi, ambako ardhi ni miamba mitupu, watu walitandika mchanga na mwani juu ya mawe mwaka hadi mwaka mpaka wakapata udongo wa kupandia viazi. Katika kisiwa cha Jersey vilevile wakulima waliubeba kwa mikokoteni kutoka ufukoni. Lakini huo ni mwani mzima, unaooza shambani kama samadi, na ni mzito kuubeba mbali na bahari. Njia ya kuugeuza uwe maji yauzwayo katika chupa ilipatikana Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kazi ya mwanakemia Reginald Milton, aliyeupika mwani kwa moto na mgandamizo pamoja na magadi mpaka ukayeyuka. Tangu hapo maji ya mwani yamekuwa bidhaa. Mwani utumiwao zaidi huko ni wa rangi ya kahawia, unaoota katika bahari ya baridi kama ya Ayalandi, Norwei na Nova Scotia. Afrika ya Kusini wana wao mkubwa, uotao pwani ya magharibi, nao huupasua chembe zake bila kuupika.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa India, kwa kuwa mwani wao ni ndugu wa mwani wetu. Ni ule mwekundu uitwao kotonii, ambao hata kwetu hulimwa, ingawa siku hizi hufa mara kwa mara maji yanapopata joto, na kina mama wengi wamebaki na spinosamu, wenye bei ndogo. Wataalamu wa taasisi ya serikali iliyoko Bhavnagar, katika jimbo la Gujarat, waliona kwamba ukiusaga mwani ungali mbichi na kuukamua, hupata vitu viwili kwa mara moja: maji ya kunyunyizia mazao, na makapi ambayo bado yana karajini ya kuuza. Mwaka 2005 walipewa hati ya uvumbuzi huo nchini Marekani. Nilipoyasoma hayo katika maktaba nilimwona mama akiuza mara mbili kitu anachouza sasa mara moja.

Sasa nakuja kwenye mchicha, na hapa sina budi kukiri kosa langu mbele ya shule nzima.

Mwezi wa Februari mwaka jana nilichukua kilo moja ya mwani mkavu, nikailoweka katika lita tano za maji kwa siku tatu, nikaichuja, na maji yake mazito nikayamwaga juu ya matuta mawili ya mchicha mchanga uliokuwa ukitunzwa na vijana wa Kidato cha Kwanza. Sikuuosha mwani kwanza. Sikuyapunguza makali kwa maji. Sikumwambia Mwalimu wa Kilimo, wala sikujaribu kwanza juu ya miche miwili mitatu. Niliwaza kwamba kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi.

Siku ya pili majani yalijikunja. Siku ya nne kingo zake zilikuwa kahawia kama zilizopitiwa na moto, na mwisho wa juma matuta yote mawili yalikuwa yamelala chini. Kwa majuma mawili tulikula maharage bila mboga ya majani, na kila aliyepita karibu na meza yangu alinikumbusha.

Mwalimu hakunipiga wala hakunifukuza bustanini. Alinipa kipande cha mwani mkavu, akaniambia nikilambe. Kilikuwa na unga mweupe juu yake, na unga ule ni chumvi. Sehemu yake ni chumvi ya kawaida, na sehemu ni chumvi ya potasiamu. Akaniuliza, "Umemwagilia nini?" Nilipiga hesabu, nikaona kwamba maji niliyomwaga hayakuwa mbali sana na maji ya bahari yenyewe. Katika udongo wenye chumvi nyingi kuliko mizizi, maji hayaingii mizizini, bali hutoka mizizini kwenda udongoni. Mchicha ulikufa kwa kiu hali udongo ulikuwa umelowa.

Akanieleza na jambo la pili. Hata kama chumvi isingekuwapo, wingi wa maji ya mwani ungeweza kudhuru. Yale yatendayo kazi ndani yake ni vichocheo vya mimea, kama oksini na saitokinini, na vitu vingine visaidiavyo mmea kustahimili ukame na joto. Vichocheo hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana, na vikizidi huuzuia mmea badala ya kuukuza. Kwa upande mwingine, naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo chakula kikubwa cha mboga, ni kidogo mno katika maji hayo, hasa yakisha kupunguzwa makali. Potasiamu ndiyo iliyomo kwa wingi. Basi maji ya mwani si ugali wa mmea. Ni kama chumvi na kitunguu mchuzini: havimshibishi mtu, wala mtu hatii kikombe kizima.

Maneno hayo niliyaandika katika daftari, lakini kusema kweli sikuyaamini yote. Nilifikiri Mwalimu ananifariji tu ili niache. Nikamwomba ruhusa ya kujaribu tena kwa utaratibu, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba nipande matuta manne wala si moja, na kwamba atakayehesabu mavuno asiwe mimi.

Mwezi wa Julai tukapanda nyanya, miche 12 kila tuta. Tuta la kwanza lilitiwa samadi ya ng'ombe na kunyunyiziwa maji ya mwani. La pili lilitiwa samadi na kunyunyiziwa maji matupu, kwa bomba lilelile, siku ileile. La tatu halikutiwa samadi bali mwani tu. La nne halikupata hata kimoja. Tuliweka vibao vyenye herufi tu, na kijana wa Kidato cha Kwanza aliyehesabu hakujua herufi ipi ni ipi. (Alikuwa mmoja wa wenye mchicha. Nilimchagua makusudi, kwa kuwa nilijua hatanipendelea.)

Kabla ya hapo palikuwa na msiba mwingine, mdogo, ambao watu waliucheka zaidi. Nilipotaka kutengeneza maji mapya niliuchemsha mwani saa nzima, nikachuja kwa kipande cha kanga, nikatia katika bomba la mgongoni, nikaenda darasani. Niliporudi jioni bomba lilikuwa limejaa kitu kama uji ulioganda, na mdomo wake umezibwa kabisa. Kumbe karajini huyeyuka katika maji ya moto na kuganda yakipoa. Hiyo ndiyo kazi inayonunuliwa kwayo! Mwani wa kahawia wa Ulaya hauna karajini, na kwa hiyo mapishi ya Ulaya hayatufai sisi kama yalivyo. Kulisafisha bomba lile kulinichukua Jumamosi nzima.

Njia iliyotufaa mwishowe ni hii. Suuza mwani mkavu mara moja kwa maji baridi, haraka, ili unga wa juu uondoke. Usiuache katika maji ya kusuuzia, maana mema nayo yatatoka. Ukatekate au uutwange kwenye kinu. Loweka kilo moja katika lita kumi za maji baridi usiku mmoja tu. Maji baridi hayayeyushi karajini. Asubuhi kamua kwa kitambaa. Chukua sehemu moja ya maji hayo, uchanganye na sehemu tisa za maji safi. Na kama miche ni michanga, sehemu kumi na tisa. Nyunyizia mapema asubuhi au jioni, juu na chini ya majani, kila baada ya majuma mawili, kuanzia miche inaposhika mpaka matunda ya kwanza yaanzapo kuiva. Tumia siku hiyohiyo au ya pili yake. Ya tatu hunuka, na hapo ndipo lilipotoka jina langu. Makapi tuliyatupa katika shimo la mboji.

Mwezi wa Oktoba tulimaliza kuvuna. Tuta la samadi na mwani lilitoa nyanya 143. La samadi peke yake lilitoa 121. La mwani bila samadi lilitoa 58, na lile lisilopata kitu lilitoa 55.

Nilizitazama hesabu hizo muda mrefu. Nilikuwa nimetumaini tuta la tatu, kwa sababu mkulima asiye na ng'ombe ndiye niliyemfikiria. Majani yake yalikuwa mazuri siku chache baada ya kila kunyunyizia, hata nikaanza kujisifu, lakini matunda hayakuja. Baina ya 58 na 55 hakuna tofauti ya kusemwa. Mmea wenye njaa hauwezi kutii amri ya kukua. Samadi ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na mwani uliongeza juu yake pale tu samadi ilipokuwapo.

Juu ya ubora wa matunda nina maneno mawili. Tulitwaa nyanya 20 nyekundu kutoka kila tuta kati ya matuta mawili ya kwanza, tukazipanga ghalani juu ya magunia. Baada ya siku kumi, zilizonyunyiziwa mwani zilibaki 13 ngumu na nzima, na zile nyingine 9. Mpishi wetu alifurahi sana, kwa maana taabu yake kubwa ni nyanya zinazooza kabla ya Ijumaa. Mwalimu hakufurahi sana. Alisema kwamba 13 na 9 si mbali, kwamba msimu mmoja ni msimu mmoja, na kwamba tuta la kwanza lilikuwa karibu zaidi na bomba la maji. Hilo la bomba sikuwa nimelifikiria kabisa.

La pili ni lile doa jeusi la kitako cha nyanya, ambalo wengi wenu mmeliona. Niliamini mwani utaliponya, lakini lilitokea katika matuta yote manne. Lilipungua tulipoanza kumwagilia kila siku kwa kiasi kilekile, badala ya kuacha siku tatu na kisha kujaza maji kama mto. Doa hilo hutokana na kalisi isiyofika kwenye tunda, na maji yanayokuja kwa vipindi ndiyo sababu yake ya kawaida. Nawaomba wazazi wenye bustani walishike hili, kwa sababu halina gharama na wala halihitaji mwani.

Wazazi wawili walioitembelea bustani siku ya wageni waliniuliza kama waagize mwani kutoka pwani. Kwa fikira zangu, kwa mtu wa bara asiye na samadi, fedha ya nauli ya gunia ni bora aitumie kununua samadi kwanza. Kwa mtu wa pwani mambo ni tofauti. Huko mwani uliokatika kwenye kamba hutupwa ufukoni kila bamvua, na mwani uliokataliwa na mnunuzi hubaki ukumbini. Bustani za mchicha, bamia na nyanya ziko hatua chache tu kutoka hapo. Lakini asiende mtu kung'oa mwani uotao mwenyewe miambani, kwa kuwa samaki wadogo hujificha humo. Tena yafaa kujua kwamba yale malundo ya majani marefu yanayoletwa na mawimbi, ambayo sisi pia huyaita mwani, mara nyingi ni nyasi za baharini, mmea wenye mizizi na maua kama nyasi za nchi kavu. Hayo yakinyeshewa na mvua mpaka chumvi ikatoka hufaa kwa mboji, si kwa kazi hii.

Likizo ya Desemba nilimpelekea mama daftari. Hasomi upesi, kwa hiyo nilimsomea. Nilipofika kwenye 58 na 55 alinikatiza, akasema, "Basi hata bahari haimlishi asiyelisha udongo wake." Kisha akaniuliza swali ambalo mimi sikujiuliza mwaka mzima: kama wale wa India hukamua mwani ungali mbichi, kwa nini sisi tunafanya kwa mkavu? Nilimjibu kwamba shule iko mbali na bahari. Akasema, "Mimi siko mbali."

Ana matuta mawili ya bamia nyuma ya nyumba. Moja hulinyunyizia maji ya mwani mbichi aliyoyatwanga kwenye kinu, na la pili maji matupu, na yote mawili ameyatia samadi ya mbuzi wa jirani. Huyahesabu kwa kuchora mistari ya mkaa ukutani. Barua yake ya mwisho, iliyoandikwa na mdogo wangu, ilisema mistari ya upande wa kulia ni mingi zaidi kidogo, lakini haikusema upande wa kulia ni tuta lipi, nami nimeandika kuuliza.

Mimi sitaweza kuendelea muhula ujao kwa sababu ya mtihani wa Novemba. Daftari la vipimo, kanga ya kuchujia na kilo nne za mwani zilizobaki nimezikabidhi kwa kijana yule aliyehesabu nyanya, ambaye sasa yuko Kidato cha Pili. Ameahidi kubadilisha nafasi za matuta, ili lile la mwani liwe mbali na bomba la maji.